Sheria za 1964 na 1965 Marekani: tumemnyima Johnson sifa yake?

MLETA MADA
Wakuu, hii hoja nimeikalia muda mrefu. Leo naitoa, na mawe nimeshajiandaa kuyapokea.

Kila tukizungumzia jinsi weusi wa Marekani walivyopata haki zao miaka ya sitini, majina ni mawili: Martin Luther King wa maandamano ya amani, na Malcolm X wa kudai haki kwa njia yoyote ile. Tunagawana kama Simba na Yanga. Lyndon Johnson, rais aliyesaini sheria zenyewe, ile ya haki za kiraia ya 1964 na ile ya kura ya 1965, tunamkumbuka kwa Vietnam, basi. Mimi nasema bila yeye zile hotuba zingebaki hotuba.

Mswada wa haki za kiraia aliupeleka Rais Kennedy Juni 1963. Anauawa Novemba, mswada bado umekwama bungeni. Johnson, makamu wake aliyerithi urais, alikuwa mtu wa Texas, aliwahi kuongoza walio wengi katika Seneti, anajua kila seneta anataka nini na anaogopa nini. Maseneta wa Kusini, tena wa chama chake mwenyewe cha Democrat, wakaanza kuhutubia kwa zamu ili muda uishe na mswada ufe. Robert Byrd wa West Virginia peke yake alisimama zaidi ya saa 14. Kuwakatisha kulihitaji theluthi mbili ya kura. Johnson akamtuma Hubert Humphrey, seneta wa Democrat, amng'ang'anie Everett Dirksen, kiongozi wa Republican kwenye Seneti, mpaka kieleweke. Tarehe 10 Juni 1964 kura zikasoma 71 kwa 29.

Siku hiyo seneta Clair Engle wa California aliletwa kwa kiti cha magurudumu. Uvimbe kwenye ubongo ulikuwa umemnyang'anya sauti. Jina lake liliposomwa alinyoosha kidole kwenye jicho lake, maana kwa Kiingereza "jicho" na ile "ndiyo" ya kupigia kura hutamkwa sawasawa. Wakahesabu. Wiki saba baadaye alikuwa marehemu. Najua hili halimhusu Johnson, ila sikuweza kuliacha.

Nawasilisha.

MWANAHISTORIA WA MTAANI
Mkuu, hadithi umeianzia katikati. Kennedy aliupeleka mswada Juni 1963 kwa nini? Miaka miwili alikuwa anakwepa. Kilichomsukuma ni Birmingham, Alabama, Mei mwaka huohuo, watoto wa shule walipotoka madarasani kwa mamia wakaingia barabarani, na Bull Connor, mkuu wa usalama wa mji ule, akawafungulia mbwa wa polisi na mipira ya maji ya zimamoto. Picha zile zilizunguka dunia nzima. Johnson alirithi mswada uliozaliwa na watoto wale.

Twende kwenye kura. Desemba 1964 King anatoka Oslo na Nobel yake, anapita Washington kuonana na Johnson. Kwa simulizi ya King mwenyewe, aliambiwa sheria ya kura haiwezekani kwa sasa, Bunge limechoka. Sawa. Akaenda Selma, Alabama. Katika kaunti ile weusi walikuwa kama nusu ya wakazi, lakini walioandikishwa walikuwa wawili hivi katika kila 100. Ofisi ya uandikishaji inafunguliwa Jumatatu mbili kwa mwezi, na ukifika unapewa mtihani ambao karani ndiye anayeamua umefaulu au umefeli.

Tarehe 7 Machi 1965 watu wapatao 600 wakavuka daraja la Edmund Pettus. Askari wa jimbo wakawangoja ng'ambo kwa virungu na mabomu ya machozi. John Lewis, kijana wa miaka 25 aliyeongoza SNCC, chama cha wanafunzi wapigania haki za weusi, akapasuliwa fuvu. Usiku ule ABC ilikuwa inaonyesha sinema kuhusu kesi ya Wanazi. Wakaikatiza, wakaweka picha za Selma. Fikiria uko sebuleni kwako unatazama ukatili wa Wajerumani, ghafla unaona polisi wa nchi yako. Siku nane baadaye Johnson yuko mbele ya Bunge anaomba sheria ya kura. Kilichoshindikana Desemba kimewezekana Machi. Ni nani aliyekiwezesha?

MLETA MADA
Umeruka jambo moja. Kuna simu iliyorekodiwa, 15 Januari 1965. Johnson mwenyewe anamwambia King atafute mahali pabaya kuliko pote Kusini ambapo mtu mweusi ananyimwa kura, apapeleke redioni, kwenye televisheni, kwenye mimbari, mpaka kila mtu aone haya. Na wanasheria wake chini ya Nicholas Katzenbach, kaimu mwanasheria mkuu wa serikali, walishaanza kushughulikia mswada. Huyo si mtu aliyeburutwa.

MWALIMU WA ZAMU
Simu hiyohiyo isikilizeni yote jamani. Humo King anamkumbusha Johnson kwamba majimbo ya Kusini aliyoshindwa na Goldwater, mgombea urais wa Republican, Novemba ni yale ambayo weusi walioandikishwa hawafiki 40 kwa 100. Yaani mheshimiwa, ukitupa kura, nawe unapata kura. Mnamwona King kama mchungaji wa kulia na kuomba tu, kumbe naye alikuwa na kikokotoo mfukoni.

Halafu Johnson hakuchagua Selma. King alihutubia kule tarehe 2 Januari, kabla ya simu. Vijana wa SNCC walikuwa kule tangu 1963. Na kabla yao alikuwepo mama mmoja, Amelia Boynton, aliyekuwa anahimiza watu wajiandikishe tangu miaka ya thelathini. Machi ile alipigwa darajani akazimia. Miaka thelathini ya kugonga mlango uleule! Mimi sifa yangu naipeleka kwake, rais atanisamehe.

DAMU YA MOTO
Mnajadili sana simu na makaratasi. Mzungu alimsikiliza King kwa sababu alikuwa anamwona Malcolm nyuma yake. Malcolm mwenyewe alilijua hilo. Tarehe 4 Februari 1965 SNCC walimwalika Selma, King akiwa mahabusu. Akamwambia Coretta, mke wa King, kwamba hakuja kumharibia mumewe kazi. Wazungu wakijua njia nyingine ni ipi, huenda watamsikiliza mumewe. Hayo Coretta aliyasimulia mwenyewe. Siku 17 baadaye Malcolm akauawa.

Na msione kwamba vijana wa SNCC walimwokota tu njiani. Mimi niko Nairobi, na hapa ndipo Malcolm alipokutana na John Lewis, Oktoba 1964, muda mfupi baada ya kutoka Dar kuonana na Nyerere. Yule yule Lewis wa darajani.

MWANAHISTORIA WA MTAANI
Ndugu wa Nairobi, Malcolm namheshimu, lakini hofu ni kisu chenye makali pande mbili. Watts, mtaa wa weusi Los Angeles, ulilipuka kwa ghasia tarehe 11 Agosti 1965, siku tano tu baada ya Johnson kusaini sheria ya kura. Watu 34 wakafa. Mwaka uliofuata mswada uliogusa ubaguzi wa nyumba ulifia kwenye Seneti. Kama hofu ndiyo inayopitisha sheria, kwa nini huo haukupita?

DAMU YA MOTO
Ukapita 1968. King ameuawa tarehe 4 Aprili, miji inawaka moto, wanajeshi wamezagaa Washington, na tarehe 11 sheria ya nyumba imesainiwa. Siku saba. Utaniambia hapo walisukumwa na mahubiri?

MWANAHISTORIA WA MTAANI
Seneti ilishaupitisha Machi, King akiwa hai. Ila nakubali, Bunge la chini halikuwa na haraka mpaka moshi ulipoonekana. Hapo umenibana.

MWALIMU WA ZAMU
Mmemsahau Fannie Lou Hamer. Mwaka 1962 alijaribu kujiandikisha Mississippi, siku hiyohiyo akafukuzwa kwenye shamba la pamba alikofanya kazi miaka 18. Agosti 1964 akaenda Atlantic City kwenye mkutano mkuu wa Democrat pamoja na wenzake waliodai viti vya wajumbe wa Mississippi, akaeleza mbele ya kamera alivyopigwa gerezani. Johnson alifanya nini? Aliitisha waandishi wa habari ghafla ili kamera zimwache yule mama. Bahati nzuri televisheni zikaurudia ushahidi wake usiku, na watu wengi zaidi wakauona. Kisha wenzake wakapewa viti viwili vya heshima, wakavikataa.

Mleta mada, huyo ndiye mtu wako. Mwezi mmoja tu kabla, Julai, alikuwa amesaini sheria ya haki za kiraia mbele ya kamera hizohizo.

Ila nisimnyime haki yake. Sheria ya 1965 ilikuwa na meno: mitihani ya kusoma ikafutwa katika majimbo korofi, maafisa wa serikali kuu wakapelekwa kuandikisha wenyewe, na majimbo hayo yakalazimika kuomba ruhusa kabla ya kubadili kanuni za kura. Mississippi weusi walioandikishwa walikuwa chini ya 7 kwa 100 mwaka 1964. Kufikia 1967 wakawa karibu 60. Hilo la kuomba ruhusa Mahakama ya Juu ya Marekani ililivunja nguvu 2013, kwa hiyo wanaodhani tunajadili mambo ya makumbusho wajue mabishano bado yanaendelea kule.

MLETA MADA
Kwenye Selma nimerudi nyuma hatua moja. Na ile ya Atlantic City imenichoma, sitaitetea. Lakini 1964 siachii. Hakuna aliyenijibu: zile kura 71, nani mwingine angezipata?

DAMU YA MOTO
Dirksen. Kura 27 kati ya hizo 71 ni za Republican. Hebu soma ulichoandika mwenyewe huko juu.