Gitaa la bluzi lifundishwe kwa wanataarab, au liachwe nje?

Mwana Ng'ambo
Naiweka hoja ili ipigwe. Kila kijana anayejifunza ala za nyuzi kwa ajili ya taarab, Unguja na Pemba, apitishwe muhula mmoja wa gitaa la bluzi, muziki wa Weusi wa Marekani, na uwe wa lazima. Sisemi aje kupiga bluzi harusini. Apite huko, arudi na masikio.

Hivi sasa gitaa linaingilia mlango wa uani. Kijana anashika kodi nne (kodi ni noti kadhaa zinazolia pamoja) za nyimbo za hotelini au mapigo ya rusha roho, basi, kesha kuwa mpigaji. Kunyamaza hafundishwi, na bluzi ndiyo skuli ya kunyamaza. Mzunguko wake una vipimo 12, kila kipimo mapigo 4. Kwa ufunguo wa A: vipimo 4 vya A7, 2 vya D7, 2 vya A7, kimoja E7, kimoja D7, kisha A7, na kipimo cha mwisho huguswa E7 ili mzunguko uanze tena. Kodi tatu tu. Mwimbaji anachukua vipimo 2, gitaa linamjibu kwa 2, hivyo mara tatu. Msikilizeni B.B. King, mwimbaji na mpiga gitaa la bluzi: akiimba, gitaa limelala; akinyamaza, ndipo linapoamka. Kwetu ubeti umebeba huba yote ya mtunzi, na mpiga gitaa anautwanga tangu neno la kwanza.

Mkono wa Kanuni
Maalim, nakupinga, tena kwa sababu ya ufundi. Kodi inaua maqam, yaani ngazi zetu za sauti kama bayati, rast na hijazi.

Chukua bayati ya D. Sauti yake ya pili ni E iliyoshushwa robo toni, si E kamili wala E flati. Ya tatu ni F. Sasa aje huyo wako na D7, ndani yake mna F shapu. Mwimbaji kashika F, gitaa F shapu, wanagombana papo hapo, na atakayeshindwa ni mwimbaji kwa sababu hana waya wa umeme. Rast ya C nayo hivyo hivyo: sauti ya tatu imekaa katikati ya E flati na E. Kodi ya C meja itaivuta juu, ya C maina itaivuta chini. Kwa vyovyote rast imeshakufa, na hadhira itasema tu "leo hapakunoga" bila ya kujua kwa nini.

Na msinijie na habari ya usafi wa taarab. Najua inavyosimuliwa kwamba Sayyid Barghash alimpeleka Mohammed Ibrahim Misri kujifunza kanuni, ile ala ya nyuzi nyingi. Kikundi cha taarab cha Ikhwani Safaa kipo tangu 1905, na ndani ya miaka hiyo taarab imepokea fidla, akodiani na dabolbesi. Ugeni sio tatizo. Lakini angalieni ni nini kilichopokewa. Fidla na dabolbesi hazina freti, vile vyuma vya shingoni vinavyofunga sauti. Akodiani ndiyo peke yake yenye sauti zilizofungwa, na mpigaji wake mzuri anajua pa kuikwepa ile ya tatu.

Fundi Waya, Chake Chake
Mkono wa Kanuni kasema kweli juu ya kodi, lakini kaishia nusu ya habari. Bluzi yenyewe haikubali ile sauti ya tatu iliyofungwa. Mpigaji anabana noti ya tatu ya maina kisha anauvuta waya kidogo, hafiki kwenye meja. Pale anaposimama ni jirani kabisa na sauti ya tatu ya rast. Sisemi asili yake ni moja, nasema kidole kinafanya kazi ile ile.

Jaribuni. Waya wa pili, freti ya 5 ni E. Ipige, isikilize mpaka ikae sikioni. Rudi freti ya 4, hiyo ni E flati. Bana kwa kidole cha pete, cha kati na cha shahada vikae nyuma yake juu ya waya huo huo, vyote vitatu visukume. Simama nusu ya njia kabla ya kufika ile E. Pigisha kanuni sauti yake ya tatu ya rast ndiyo uilinganishe, usitumie kifaa cha simu cha kupimia sauti, maana vingi vyake vimepangwa kwa nusu toni na vitakwambia umekosea.

Yanayoharibika ni haya. Wa kwanza ni waya wenyewe. Gitaa la mbao la kawaida huja na waya wa tatu uliozungushiwa shaba, nao hauvutiki. Kijana anakaza mpaka kidole kinachubuka, kisha anasema bluzi ngumu. Atafute seti ambayo waya wa tatu ni mtupu, na waya wa kwanza una unene wa inchi 0.010. Wa pili ni chumvi. Hewa yetu ya bahari inaila chuma: waya ukiparuza hauvutiki sawasawa, na hukatikia pale kwenye daraja. Futa kila waya, juu na chini, kwa kitambaa kikavu kila ukimaliza kupiga. Wa tatu ni kuvuta kwa ncha ya kidole. Nguvu itoke kifundoni, kiganja kimeegemea shingo ya gitaa.

Anayetaka robo toni bila ya kuvuta, avae shingo ya chupa kwenye kidole cha mwisho. Kigae kikae juu ya chuma cha freti penyewe, kisiwe nyuma yake kama kidole kinavyokaa, na kiguse tu. Ukikandamiza kitagonga freti. Vidole vingine vilale nyuma yake kuzima nyuzi, la sivyo kila waya utalia wake. Hapo Maalim una gitaa lisilo na freti.

Na kodi: piga noti mbili tu, ya kwanza na ya tano. C na G. Ya tatu muachie mwimbaji. Bayati ya D vivyo hivyo, D na A. Hijazi ya D haina shida hiyo kwenye sauti zake nne za kwanza, hizo zinapatikana kwenye freti, kwa hivyo darasa lianzie huko.

Beti za Makunduchi
Mnaongea nyuzi, hakuna anayeuliza maneno yataingiaje. Shairi letu lina mishororo minne. Vipimo 12 vina nafasi ya mishororo mitatu. Mshororo wa nne utauweka wapi? Wanaolazimisha huukata kina cha kati, na hapo mtunzi ana haki ya kukasirika.

Njia zipo mbili. Ama uongeze mzunguko ufike vipimo 16, na bluzi za namna hiyo zipo, ama utunge tathlitha, shairi la mishororo mitatu. Bluzi huimba mshororo wa kwanza mara mbili kisha ikajibu kwa wa tatu. Kwa hivyo hivi:

Pendo lako lanizonga, usiku silali hata
Pendo lako lanizonga, usiku silali hata
Moyo umetia nanga, kwengine hautapita

Mizani 16 kwa vipimo 2, yaani mapigo 8, mizani mbili kila pigo. Kwa bluzi ya taratibu, mapigo kama 60 kwa dakika, kila pigo lina sehemu tatu: mizani ya kwanza ichukue mbili, ya pili ichukue moja. Ukizigawa sawa kwa sawa utasikika unasoma, si unaimba. Vipimo 2 vinavyobakia ni vya gitaa. Huo mshororo unaorudiwa usiubeze: mara ya pili kodi imehamia ya nne, na maneno yale yale yanauma pengine.

Kijana wa Darajani
Kwani bluzi si yetu? Watumwa wa soko la Mkunazini ndio walioipeleka Marekani.

Mkono wa Kanuni
Hapana mwanangu. Wengi waliopitishwa soko lile, mpaka lilipofungwa 1873, walibakishwa kwenye mashamba ya visiwani humu na pwani, au walipelekwa Uarabuni, Ghuba na visiwa vya Bahari ya Hindi. Walioizaa bluzi kule Mississippi asili yao kubwa ni Afrika Magharibi na Kongo na Angola. Ukitaka kusikia ujamaa huo, msikilize Ali Farka Touré, mpiga gitaa wa Mali. Kwetu tuna udugu wa masikio, hatuna hati ya umiliki.

Somo wa Mwembetanga
Mimi naona mnamfundisha kupiga mtu asiyejua bado kusikiliza. Mchukueni Robert Johnson wa bluzi, alirekodi 1936 na 1937, mtu mmoja na gitaa moja. Muweke kando ya Siti binti Saad wa taarab, aliyerekodi Bombay 1928. Wote wawili walibanwa na upande wa santuri wa dakika tatu hivi, kwa hiyo hakuna neno la kupoteza. Sikiliza mara ya kwanza maneno peke yake. Mara ya pili fuata ala, hesabu inangoja mapigo mangapi baada ya mwimbaji kuvuta pumzi. Mara ya tatu sikiliza noti ya mwisho ya kila mshororo, imeshuka au imening'inia. Halafu ndipo uje kwa Muddy Waters, mwanabluzi aliyehamia Chicago 1943 na kushika gitaa la umeme.

Tena mjue, penzi la bluzi husema "umeniacha" wazi wazi mbele za watu. Letu hupita kwenye mafumbo: ua, chombo, tunda. Mwanafunzi akiokota na ule uwazi, ataleta mipasho isiyo na stara. Kwa hivyo kusikiliza kuwe kwa lazima, kupiga kuwe kwa hiari.

Mkono wa Kanuni
Nakubaliana na Bi Somo, na nazidisha sharti. Kwanza kijana apige bashraf tatu, zile tungo za ala tupu bila ya maneno, kwenye udi bila ya kusahihishwa sauti ya tatu. Amplifaya isizidi wati 15, na hata hiyo inatosha kuizima kanuni isiyo na maikrofoni. Tumia pikapu (kinasa sauti cha gitaa la umeme) ya karibu na shingo, na sauti ya juu ipunguzwe mpaka risha ya kanuni isikike ikigusa waya. Hiari, lakini.

Mwana Ng'ambo
Bashraf tatu nakubali, wati 15 nakubali, noti mbili za Fundi nakubali. Kwenye lazima sishuki, maana la hiari huchukuliwa na wenye gitaa nyumbani tu. Mtihani wake uwe dakika tatu: mwimbaji, tathlitha moja, rast ya C, kanuni haina maikrofoni. Akimkanyaga mwimbaji neno moja, arudie muhula.