Nimeagiza mshare za mtori wa mzazi, nimeletewa kisukari mbivu, halafu naambiwa "NDIZI NI NDIZI"!!

Wakuu, heshima kwenu. Mods msiuhamishie huu uzi kwenye jukwaa la mapishi, hili ni suala la haki. Naandika mikono inatetemeka. Niko jikoni kwangu hapa Moshi, maeneo ya Rau, na zile ndizi ziko mezani mbele yangu.

Siwataji. Mnawajua. Ni wale wa duka la mtandaoni, wa tangazo la mama amekaa kwenye kochi anabonyeza simu huku anacheka peke yake. Leo nimejua alikuwa anamcheka nani.

Iko hivi. Mke wangu kajifungua juzi, jana wametoka hospitali, mtoto wa kike, Mungu ni mwema. Mama mkwe kashuka kutoka Marangu na begi lake na kipekecho chake kabisa. Anayeijua Kilimanjaro anajua mzazi huku anakunywa mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama. Asubuhi mtori, mchana mtori, usiku mtoto akiamka analia, mtori uko kwenye chupa ya chai unasubiri.

Mimi ni mtu wa Singida, sifichi, nimekuzwa na ugali wa uwele na mlenda. Lakini miaka 6 niliyokaa mji huu nimezisoma ndizi kama mtu anavyosomea leseni. Mshare ni ya mtori na machalari. Mzuzu ya kukaanga na kuchoma. Ndizi ng'ombe ya pombe ya mbege. Kisukari unamfungia mtoto akienda shule. Hakuna aliyenilazimisha kujua haya, nimejifunza kwa sababu nimeoa hapa na ninawaheshimu watu hawa.

Leo nikasema siwezi kumwacha mzazi niende sokoni Mbuyuni, ngoja niagize. Nikaandika hivi, nakopi kutoka kwenye simu:

"Ndizi MSHARE, mbichi, chane 5, za mtori. Kama MSHARE hakuna msibadilishe, nipigieni."

Na kile kiboksi cha "usibadilishe bidhaa" nikakibonyeza, tiki ikatokea. Nikalipa hapo hapo. Ilikuwa saa nne asubuhi.

Saa nane mchana ndiyo pikipiki inaingia. Kijana wa boda hana kosa, yeye kapewa mfuko umefungwa. Nafungua mbele ya mama mkwe. Kisukari. Mbivu! Zina madoa kama chui, moja imeshapasuka imemwagikia pampasi za mtoto. Chane 5 za kisukari mbivu kwa mzazi wa siku mbili! Kwenye risiti wameandika "mbadala: ndizi".

Mama mkwe hakugomba. Angegomba ningepona. Alichukua kidole kimoja, akakiminya, kikabonyea. Akakirudisha taratibu, akajifuta mkono kwenye kanga, akasema, "Baba, hizi ni za mtoto wa shule." Akageuka akaenda chumbani kwa mwanawe.

Napiga simu. Ya kwanza kimya. Ya pili kimya. Ya tano akapokea dada mmoja, sauti laini kama ya redio. Namweleza yote, mzazi, mtori, mshare, kiboksi. Ananisikiliza mpaka mwisho. Halafu ananiambia, wakuu kaeni chini kwanza:

"Sasa kaka, tatizo ni nini? Ndizi ni ndizi."

NDIZI NI NDIZI.

Ndani ya Moshi! Mtu amekaa chini ya mlima, mlima unamwangalia dirishani, migomba imemzunguka kuanzia Machame mpaka Rombo, anafungua kinywa anasema ndizi ni ndizi! Angekuwa Dodoma ningesema hajui. Kauli hiyo itamke sokoni Mwika uone kama utapata hata gari la kukurudisha mjini.

Mengine yapo. Mifupa ya supu wameleta soseji. Samli wameleta siagi ya mkate. Pampasi namba 1 wameleta namba 4, mtoto ana kilo 3 na nusu, ile pampasi anazama mpaka kwapani. Hayo yote ningemeza. Pampasi unakunja. Lakini mtori unaupikaje na kisukari iliyoiva? Wanga wote umeshageuka sukari, ukipekecha unapata uji wa pipi wenye soseji ndani! Ndicho nimpe mke wangu aliyeshonwa juzi?

Na hela wamekata zaidi, eti kisukari bei yake iko juu. Nimelipia kutukanwa, na nimeongezewa bei ya kutukanwa.

Simu imekatika, dakika mbili mbele unaingia ujumbe: "Tupe nyota." Nyota! Ndizi ni ndizi halafu nikupe nyota!

Hawa watu wafungiwe hata leo.

Siti ya Mbele:
Nimewahi, nimekuja na mkeka na kahawa. Ila Mnyaturu na mshare wapi na wapi hahahaaa.

Mama wa Kibosho:
Hongera kwa mtoto baba, na pole sana. Nimesoma mpaka pale "kikabonyea" nikaweka simu chini kwanza. Wangeleta ndizi Bukoba ningesema wameteleza, japo mtori wake hauwi laini kama wa mshare. Wangeleta mzuzu ningewafokea. Kisukari mbivu ni dharau. Kihambani kwa mama yangu kila mgomba una jina lake na kazi yake. Hata mtoto wa darasa la kwanza ukimwambia "lete ndizi" hatoki, anasimama hapo hapo akuulize zipi.

Chuga Halisi:
Nyie wa Moshi mnalilia ndizi? Njooni Arusha. Niko Njiro, nimeagiza mchele wa Magugu kilo 10, nimeletewa TAMBI. Kupiga simu naambiwa "vyote ni wanga kaka". Wiki iliyofuata nikaagiza mtindi wa loshoro, kile chakula chetu cha mahindi na mtindi, wakaleta yogati ya stroberi. Nenda kaweke yogati ya stroberi kwenye loshoro mbele ya baba yangu, Mmeru wa Poli, halafu uje utusimulie ukiwa hai.

Kidume wa Pasua:
Mwanaume mzima umekaa nyumbani unabonyeza ndizi kwenye simu. Boda mpaka Mbuyuni shilingi ngapi? Mama pale anakuchagulia mshare kwa mkono wake na anakuongezea mbili juu. Umejitakia.

Mleta mada:
Mkuu soma vizuri. Nilikuwa nafua nguo za mzazi na kuchemsha maji. Na hata ningekuwa nimelala, nimelipa hela yangu, nimeandika MSHARE kwa herufi kubwa. Lakini hata hilo siyo hoja. Hoja ni kwamba niliambiwa ndizi ni ndizi.

Kidume wa Pasua:
Kwani siyo ndizi?

Mama wa Kibosho:
Kidume wewe siyo wa hapa. Umepanga tu Pasua.

Nilikuwa Humo:
Nimefanya kazi ya kukusanya bidhaa za wateja kwenye duka la mtandaoni, siyo lazima liwe hilo. Niwaambie inavyokwenda. Oda inaingia kwenye simu yako na dakika zinahesabiwa. Mfumo unasema mshare zipo kwa sababu asubuhi zilikuwepo, lakini mteja aliyeingia kwa miguu kazibeba na hesabu haijashuka. Unabonyeza "haipo", mfumo wenyewe unakuletea mbadala, na aliyepanga bidhaa kaziweka zote kwenye kapu moja limeandikwa "ndizi". Ya juu ni kisukari, unabonyeza, unasonga. Ukisema umpigie mteja, dakika zinakwenda, na ukichelewa ni wewe unayeandikwa. Ule ujumbe mnaoandika kwa herufi kubwa, mara nyingi sisi tuliuona mfuko ukiwa umeshafungwa. Kwa hiyo msimwonee dada wa simu, naye anasoma kilichopo kwenye skrini yake.

Mleta mada:
Asante kwa ukweli, ila umenitonesha zaidi. Hilo kapu lililoandikwa "ndizi" lilijitengeneza lenyewe? Kuna mtu alikaa mezani na kompyuta, akachukua mshare, mzuzu, kisukari, Bukoba, akazitupa kapu moja. Yaani kabla sijaoa, kabla mtoto hajazaliwa, kuna mtu alishaamua kwamba ndizi ni ndizi! Na kile kiboksi cha "usibadilishe" nilikuwa nabonyeza nini sasa? Pambo?

Nilikuwa Humo:
Kwa ukweli sikuwahi kuona kinachofanya.

Siti ya Mbele:
Nimeongeza kahawa.

Wakili wa Mtaa:
Mleta mada sikiliza. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inasema bidhaa ikiuzwa kwa maelezo, lazima ilingane na maelezo hayo. Wewe umeandika mshare, umeandika mbichi. Kilichokuja siyo mshare na siyo kibichi, una haki ya kukikataa. Tunza risiti, piga picha ndizi, usifute ujumbe wowote. Wakikuzungusha, ipo Tume ya Ushindani, FCC, kumlinda mlaji ni kazi yao. Ila hizo ndizi usizile. Ukizila utaonekana umepokea.

Siti ya Mbele:
Wakili umechelewa, keshakula tatu.

Mleta mada:
SIJAGUSA HATA MOJA. Ziko mezani, nitazipiga picha sasa hivi!

Mkulima wa Uru:
Niongeze kitu kama mtu wa shambani. Mshare zenyewe zinaadimika. Mnyauko fuzari unazimaliza kwenye vihamba. Unaona majani ya chini yanageuka njano, yananing'inia kama sketi, ukipasua shina ndani kuna rangi ya kahawia. Mgomba wa Bukoba unaweza kusimama pembeni yake mzima kabisa, mshare hauvumilii, na ule ugonjwa unabaki kwenye udongo miaka na miaka. Tengeru pale wapo watafiti wa taasisi ya kilimo ya IITA na Chuo cha Nelson Mandela wanahangaika kupata mshare inayostahimili. Mimi nimepoteza migomba 11 aliyoipanda marehemu baba. Kwa hiyo mtu akisema ndizi ni ndizi, na mimi kanigusa.

Mleta mada:
Umeona mkuu! Asante! Watu wanalilia mashina, yeye anasema ndizi ni ndizi!

Chuga Halisi:
Tengeru ni Arusha hiyo. Kwa hiyo hata mshare zenu zikiugua zinatibiwa kwetu.

Kidume wa Pasua:
Arusha mna ndizi gani nyie zaidi ya kuchoma nyama?

Chuga Halisi:
Wameru wanalima mshare tangu babu wa babu yako hajazaliwa. Panda Akheri uone migomba. Nyie mnajitangaza tu kwa sababu ya mlima.

Mama wa Kibosho:
Hapo kwenye mlima usituguse.

Binti Majengo:
Samahanini wapendwa, naomba kuuliza. Mshare zikiwa chache naweza kujazia viazi na karoti moja ya rangi? Mume wangu anapenda ukiwa na rangi.

Mama wa Kibosho:
Karoti kwenye MTORI?

Mwana Machame:
Kuna ubaya gani? Mama yangu anaweka karoti, na vitunguu, na hoho kidogo. Tumekua saba, wazima wote.

Mama wa Kibosho:
Hiyo ni supu ya mboga mdogo wangu. Mtori ni ndizi, nyama, chumvi, na mafuta yake. Kitunguu nakuachia. Hoho hapana. Mzazi wa siku mbili hoho ya nini?

Mwana Machame:
Nani alisema nampa mzazi? Nakunywa mimi.

Mleta mada:
Wakuu naomba turudi kwenye mada. Mpaka sasa hawajapiga wala kurudisha hela. Nimetoka kumtuma kijana wa jirani Kiborloni akatafute mshare, na giza linaingia. Yule dada lazima aniombe radhi, na amwombe mama mkwe.

Siti ya Mbele:
Subiri kidogo mkuu, tumalize la karoti.

Chuga Halisi:
Mtori wa mama ntilie wa stendi ndiyo mumuogope. Unakuta mzito unasimamisha kijiko, ukisikilizia ni unga wa ngano mtupu.

Mwana Machame:
Unga wa ngano bora kuliko yogati yako ya stroberi.

Binti Majengo:
Kwa hiyo niweke au nisiweke? Sufuria liko jikoni.

Mama wa Kibosho:
USIWEKE.

Mwana Machame:
Weka dada.

Mgeni Himo:
Ndiyo nafika, nimesoma haraka haraka. Huyo aliyempelekea mzazi karoti anaitwa nani?