Naomba ushauri: Ukomo wa umri katika ajira ya polisi Marekani kwa aliyekuwa mwanajeshi

Mleta mada:
Habari zenu wanajamvi. Nina umri wa miaka 41, na nimelitumikia Jeshi la Marekani hadi nilipoondoka kwa heshima. Niliomba kazi ya upolisi katika idara moja ya serikali kuu, nikajibiwa kwamba aliyekwisha kutimiza miaka 37 hapokelewi. Ninavyofahamu, sheria ya mwaka 1967 inamkataza mwajiri kumbagua kwa umri mtu aliyefikisha miaka 40. Je, sheria hiyo haiwahusu polisi? Kazi hii naitaka kwa dhati, hivyo naombeni mwongozo.

Mdau wa Sheria:
Pole, mkuu. Sheria unayoitaja ipo, ila Bunge lao limewatenga polisi na wazima moto. Mwaka 1983 Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria hiyo inazibana hata serikali za majimbo. Mwaka 1986 Bunge likaziruhusu kwa muda kuweka ukomo wa umri katika kazi hizo, ruhusa ikaisha mwishoni mwa 1993, kisha ikarejeshwa mwaka 1996. Kwa majimbo na miji, ukomo huo sharti uwe umewekwa na sheria yao wenyewe, tena usiwe hila ya kukwepa sheria kuu. Serikali kuu ina kifungu chake: polisi wake hustaafu kwa lazima akiwa na miaka 57, na pensheni yake inadai utumishi wa miaka 20. Toa 20 katika 57, utaiona hiyo 37.

Askari Mstaafu:
Ndugu yangu, usikate tamaa mapema. Mwaka 2008 bodi inayosikiliza rufaa za watumishi wa serikali kuu iliamua kwamba mwanajeshi wa zamani mwenye haki ya upendeleo wa ajira aondolewe ukomo huo, isipokuwa idara ithibitishe kwamba umri ni sharti la lazima katika kutekeleza kazi yenyewe. Lakini si kila aliyevaa sare anao upendeleo huo. Chukua fomu yako ya DD 214, yaani hati unayopewa ukiondoka jeshini, usome kisanduku cha 13 kinachoorodhesha nishani: nishani ya kampeni ya kivita hutosha, na ulemavu uliotokana na utumishi nao hutosha.

Mleta mada:
Nashukuru sana, kaka. Nishani ya kampeni ninayo. Je, nikipokelewa sasa, nitaondolewa nikifika 57 kabla ya kuipata pensheni?

Mdau wa Sheria:
Hapana. Aliyefika 57 bila kutimiza miaka 20 huachwa aendelee hadi aitimize, kwa hiyo ukianza na miaka 42 utastaafu na 62. Waandikie idara kwa maandishi, uambatishe nakala ya DD 214 na kudai upendeleo wako waziwazi. Wakikataa, wasilisha malalamiko Wizara ya Kazi ndani ya siku 60, kwa kuwa huko ndiko kunakoanzia njia ya kwenda kwenye bodi hiyo.