Seti gani ya filamu fupi za vikaragosi ninunue kwanza?

BabaNaWana_Umoja
Wadau, naomba ushauri. Nataka kuanza maktaba ya nyumbani ya filamu fupi za vikaragosi, zile ambazo mtu husogeza kikaragosi kidogo, anakipiga picha, anakisogeza tena. Nyumbani kuna mtoto wa Gredi ya 4 na mwingine wa chekechea. Dada yangu aliye Uingereza anakuja Desemba na amekubali kunibebea seti moja. Nimebaki na mbili: Wallace & Gromit (mvumbuzi na mbwa wake), filamu fupi zote nne pamoja, au ile ya diski tatu ya Jan Švankmajer, fundi wa Prague, iliyotolewa na BFI (taasisi ya filamu ya Uingereza) mwaka 2007. Mama watoto naye anauliza, diski za nini wakati kila kitu kiko kwenye intaneti? Mnasemaje?

FundiDeki
Kabla ya filamu, tuanze na deki. DVD zimegawanywa kwa maeneo: Kenya iko eneo la 5, Uingereza la 2, Marekani la 1. Kuna deki zinazokataa kabisa diski ya eneo lingine. Blu-ray, diski zenye picha kali kuliko DVD, ni afadhali kwetu, maana Afrika na Ulaya ziko eneo moja, B. Ya Uingereza itacheza hapa. Ya Marekani huenda ikagoma. Ukienda Luthuli Avenue, Nairobi, kutafuta deki, beba diski ya ng'ambo uijaribu pale pale kaunta kabla hujatoa pesa. Kama kuna PlayStation 4 nyumbani, tayari una deki ya Blu-ray.

MwalimuWaSanaa
Baba, kwenye nyumba yenye mtoto wa chekechea mimi sioni mjadala. Chukua Wallace & Gromit.

Nick Park alianza ile ya kwanza, A Grand Day Out, mwaka 1982 akiwa mwanafunzi wa chuo cha filamu, na ikatoka 1989. Itazame, halafu weka The Wrong Trousers ya 1993, uone mkono wa fundi ulivyokomaa. Wallace anaongea kwa lafudhi ya kaskazini mwa Uingereza ambayo watoto hawataishika yote. Haidhuru. Gromit hasemi neno, hata mdomo hana, na mawazo yake yote unayasoma kwenye paji la uso na macho. Yule pengwini mwizi wa The Wrong Trousers naye ni kimya tangu mwanzo hadi mwisho, na watoto wanamwogopa vizuri tu.

Sasa swali la mama. Sekunde moja ya filamu ni picha 24. Mafundi wengi hupiga kila mkao mara mbili, kwa hiyo ni mikao 12 kwa sekunde, na filamu ya nusu saa inapita mikao 21,000. Kazi ya aina hiyo inataka kusimamishwa na kusogezwa picha moja moja kwa rimoti, mtoto akiona mguu ulivyohama. Na kwenye Blu-ray alama za vidole vya mafundi zinaonekana kabisa kwenye plastisini. Wanafunzi wangu wakiziona hizo alama, wanaanza kuomba udongo. Mtandao ukilegea picha inakuwa ukungu na alama zote zinapotea.

Jambo lingine linaloniuma: Oktoba 2005 ghala la Aardman, studio ya Wallace na Gromit kule Bristol, liliungua, na mandhari za kupigia filamu na vikaragosi vingi vya miaka mingi vikateketea. Tulichobaki nacho ni filamu zenyewe. Kuwa na nakala yake kabatini si anasa.

Msomaji_SouthB
Kuhusu watoto nakubali, lakini Švankmajer asiachwe hivi hivi. Dimensions of Dialogue ya 1982 ilishinda Dubu wa Dhahabu wa filamu fupi Berlin mwaka 1983, na ilistahili. Sehemu ya mwisho ina vichwa viwili vya udongo juu ya meza, vinatoleana vitu mdomoni. Kimoja kinatoa mswaki, kingine dawa ya meno. Mkate, siagi. Kiatu, kamba. Penseli, kichongeo. Mwanzoni kila kitu kinapata mwenzake. Kisha mpangilio unavurugika, dawa ya meno inapakwa mkate, kichongeo kinatafuna kiatu, hadi vichwa vyote viwili vinapasuka na kuhema. Sijaona mabishano ya watu wazima yakielezwa vizuri kuliko hapo, bila neno hata moja. Inunue, uiweke rafu ya juu, uitazame watoto wakishalala.

MamaPili_Buruburu
Mama watoto ana hoja jamani, msimpuuze. Bodi ya taifa ya filamu ya Kanada imeweka filamu zake nyingi bure kwenye tovuti yake. Anzeni na The Sand Castle ya Co Hoedeman, 1977, iliyoshinda Oscar. Mtu wa mchanga anaumba viumbe wa mchanga, wanajenga ngome pamoja, kisha upepo unakuja. Dakika 13, haina mazungumzo, na wangu wameirudia hadi wanaijua kila hatua.

Ipo pia Neighbours ya Norman McLaren, 1952. Hapo vikaragosi ni watu halisi, wamepigwa picha moja moja mpaka wanateleza juu ya nyasi. Majirani wawili wanagombania ua lililoota mpakani, mwisho wanauana. Hiyo msiwawekee wadogo. Wakubwa wataielewa haraka, nani hapa hajasikia kesi ya mpaka wa shamba huko kwao?

MwalimuWaSanaa
Mama Pili, tovuti hiyo naitumia pia na naipenda. Lakini filamu huondolewa mtandaoni bila kukuuliza. Hizo za bure mtazame, ile mnayoipenda kupita zote mwe nayo mkononi.

Mjukuu_Pumwani
Mbona hakuna aliyetaja Afrika? Moustapha Alassane wa Niger alikuwa akitengeneza filamu za vikaragosi tangu Samba le Grand ya 1977, na Kokoa ya 2001 ni mieleka ya wanyama ambayo mtoto wa Umoja ataielewa bila kufafanuliwa. Kongo kuna Jean-Michel Kibushi. Mtoto akiona Bristol na Prague pekee atadhani kazi hii ni ya watu wa mbali. Filamu zao ulizia Alliance Française pale mjini, kwa kuwa zimetoka nchi zinazotumia Kifaransa.

BabaNaWana_Umoja
Asanteni sana. Nimeamua: Wallace & Gromit kwa Blu-ray, toleo la Uingereza. Leo usiku tunaangalia ile ya mchanga, na mama watoto ndiye atakayeshika rimoti. Švankmajer nitamwagiza safari nyingine. Mjukuu, Jumamosi nitapita pale mjini kuulizia Alassane. Swali la mwisho: ile ya sungura mkubwa imo ndani ya seti?

FundiDeki
Haimo. Hiyo, The Curse of the Were-Rabbit, ni filamu ndefu ya 2005, inauzwa peke yake. Mwambie dada yako asome nyuma ya kasha aone majina manne: A Grand Day Out, The Wrong Trousers, A Close Shave, A Matter of Loaf and Death. Hiyo ya nne ni ya 2008, kwa hiyo seti zilizotoka kabla yake zina tatu tu, na madukani ya mitumba ndizo zinazojaa.