Re: Kompyuta ya mezani inadai F1 kila asubuhi

Minneapolis, Jumapili usiku

Hamjambo ndugu zangu. Tuna kompyuta ya mezani ya zamani, tulipewa na familia moja ya kanisani tulipofika hapa. Wiki ya tatu sasa, nikiiwasha asubuhi inaleta maandishi meupe kwenye skrini nyeusi: kosa la CMOS, bonyeza F1. Nikipita hapo inawaka, lakini kalenda inasema Januari 2009 na tovuti ya benki inakataa kufunguka, eti si salama. Jana kijana wangu aliingia kwenye mipangilio akabadilisha vitu asivyovijua. Sasa Windows haiji kabisa, ni skrini ya buluu tu, inajizima na kuwaka tena. Duka moja hapa linataka dola 120 kuitazama tu. Watoto wanafanyia kazi za shule humo. Niitupe?

Toronto, Jumatatu

Pole dada yangu, usiitupe. Hapo una matatizo mawili, na la kwanza dawa yake haifiki dola 5.

Ndani ya kompyuta, kwenye mazabodi (ile bodi kuu inayounganisha kila kitu), kuna betri bapa ya duara kama sarafu. Ndiyo inayotunza saa na mipangilio, yaani hiyo CMOS unayoonyeshwa, umeme ukikatwa. Ikifa, mashine inasahau saa na mipangilio yake na kurudi tarehe ya kiwandani. Benki inakukataa kwa sababu hiyo hiyo: cheti cha usalama cha tovuti kina tarehe zake, na kompyuta inayodhani ni 2009 inaona cheti hicho hakijaanza kutumika. Nadhani usiku unazima ekstensheni nzima, kama tulivyozoea nyumbani kuokoa umeme. Ndiyo maana inasumbua asubuhi tu. Ikiwa imechomekwa, hata ukiizima, umeme kidogo wa ukutani unaibeba ile betri.

Nunua CR2032, volti 3, ipo hata kwenye maduka ya dawa. Chomoa waya wa umeme, kisha bonyeza kitufe cha kuwashia sekunde kumi ili umeme uliobaki uishe. Msimu huu hewa ya ndani ni kavu, na unaijua ile shoti ndogo ya kwenye kitasa ukishatembea juu ya zulia: hiyo inaweza kuua mazabodi. Shika kwanza chuma cha kasha. Sukuma kidogo kibano kinachoishika, betri itachomoka. Mpya iingie upande wa alama ya kujumlisha ukiwa juu.

Sasa skrini ya buluu. Je, chini kuna namba inayoishia na 7B? Kama ipo, Windows imeshindwa kuifikia diski yake, na nadhani ni kijana amegusa sehemu ya SATA, yaani njia inayounganisha diski na mazabodi. Ingia kwenye mipangilio ile ile aliyoingia kijana, na kabla hujagusa lolote piga picha kila ukurasa kwa simu. Nakusisitizia hili kwa sababu nimeona watu wakifomati diski nzima, picha za harusi zikapotea, kwa kosa la kipengele kimoja. Tafuta SATA. AHCI na IDE ni namna mbili za kompyuta kuongea na diski: ikiwa imeandikwa AHCI weka IDE, ikiwa IDE weka AHCI. Kubadilisha hapo hakufuti faili. Halafu hakikisha diski ndiyo ya kwanza kwenye orodha ya vifaa ambavyo kompyuta inatafuta Windows ikiwaka, sahihisha tarehe, hifadhi, toka.

Columbus, Jumatatu

Mama wa watoto, hiyo betri ya zamani usiiache mezani. Funga kwa selotepu pande zote mbili uiweke juu kabisa. Mtoto akiimeza inaweza kumchoma koo ndani ya saa mbili. Ni hospitali moja kwa moja, usingoje aanze kulia.

Minneapolis, Jumatano usiku

Ahsante sana kaka, namba ilikuwa 7B kweli. Ilikuwa AHCI, nimeweka IDE, Windows imekuja na faili zote zipo. Betri nimebadilisha mwenyewe, kijana akinishikia tochi. Leo asubuhi nimewasha ekstensheni, haikudai F1, na benki imefunguka. Dada wa Columbus, ya zamani nimeifunga, iko juu ya kabati.