Viti visivyo na miguu ya nyuma, ni vya Breuer kweli? Naombeni ushauri

mkaazi_wa_Berlin: Wakuu habari za leo. Kuna mzee kwenye soko la mitumba hapa Berlin anauza viti viwili vile vya bomba la chuma linalong'aa, nyuma hakuna miguu kabisa, kikalio na mgongo ni fremu za mbao zimesukwa henzerani, ukikaa kinanesa. Anataka euro 400 vyote viwili na anaapa ni vya mbunifu Breuer wa Bauhaus, ile shule ya ubunifu ya Ujerumani, 1928. Jirani yangu Mjerumani anacheka tu, anasema wazo ni la mbunifu mwingine, Mart Stam. Nani mkweli hapa na je, nitoe hela?

fundi_samani: Wote wawili wana haki kidogo mkuu. Breuer, Mhungari, ndiye alikuwa anaongoza karakana ya samani Bauhaus pale Dessau, akaanza kupinda bomba la chuma 1925 baada ya kuiangalia baiskeli yake ya Adler, akajiuliza kama usukani unapindika hivi kwa nini kiti kisipindike. Hapo kikatoka kile kiti cha kujinyoosha ambacho baadaye Waitaliano walikibatiza Wassily. Lakini kile kilikuwa bado kinasimama chini kwa pande zote. Kuondoa miguu ya nyuma ni Stam, Mholanzi, 1926, alichukua mabomba ya gesi akayaunga kwa elbo, basi. Novemba mwaka huo wakiwa Stuttgart akakichora mezani mbele ya msanifu majengo Mies van der Rohe, na 1927 kwenye maonyesho ya nyumba za kisasa ya Weissenhof hukohuko kila mmoja akaja na chake. Cha Stam kilikuwa kigumu hakinesi, cha Mies kinanesa kwelikweli.

bibi_mbao: Na usisahau mahakama! Watengenezaji wa viti hivi wakashtakiana mpaka Leipzig, 1932 ikaamuliwa hakimiliki ya kisanaa ya umbo hilo ni ya Stam. Ndo maana mpaka leo kampuni ya samani ya Thonet Ujerumani wanakiuza hicho cha henzerani kama S 32, wanaandika ubunifu ni wa Breuer ila hakimiliki ya kisanaa ni ya Stam, halafu Marekani kampuni ya Knoll wanakiuza kwa jina la Cesca cha Breuer tu, jina limetokana na binti yake Francesca. Kiti kimoja baba wawili 😂 Ila mimi nampa Breuer heshima yake, kuoanisha chuma cha hospitali na henzerani ya kizamani ya mikahawa ya Vienna siyo jambo dogo.

mkaazi_wa_Berlin: Asanteni sana, sasa nitajuaje vya yule mzee?

fundi_samani: Kipindue. Tafuta muhuri au lebo ya kiwanda chini ya fremu, kama hakuna usilipie jina la mtu, maana kopi za kiti hiki zimejaa dunia nzima. Angalia henzerani, kama imepita tundu kwa tundu imesukwa kwa mkono, kama ni shuka moja imebanwa kwenye mfereji kwa ufito mara nyingi ni ya bei rahisi. Halafu kagua pale bomba linapopinda karibu na sakafu, uzito wote unaishia pale, ukiona ufa au kutu imekula ndani ya kromu achana nacho hata akupe bure.

bibi_mbao: Na euro 400 mbona kubwa, mwanangu. Bila muhuri anzia 120 halafu jifanye unaondoka.