Zamu ndefu za daktari mjamzito: je, ni lazima nisubiri miezi miwili ya mwisho?

Daktari wa Wodi (swali)

Habari zenu, wenzangu. Mimi ni daktari katika hospitali ya mkoa, Tanzania Bara, na ujauzito wangu una wiki 14. Ratiba yetu ya zamu hunitaka niingie asubuhi, nikeshe usiku kucha, kisha niwapitie wagonjwa hadi mchana wa siku ya pili, na kwa hiyo wiki moja huweza kupita saa 70 bila mtu yeyote kushtuka. Mkuu wa idara aliniambia kwa upole kwamba sheria humlinda mjamzito katika miezi miwili ya mwisho tu, na kwamba hadi wakati huo nitapangiwa zamu kama wengine. Naomba kufahamu: je, hatari ipo kweli mapema hivi, na je, sheria haina la kunisaidia kabla ya hapo?

Daktari wa Uzazi

Hongera, dada, na umefanya vyema kuuliza sasa. Hatari ipo, ingawa wengi wetu tumejifungua salama licha ya ratiba kama yako, na hilo ndilo linalofanya jambo hili lipuuzwe. Utafiti uliochapishwa mwaka 1990 nchini Marekani uliwalinganisha madaktari wanawake waliokuwa katika mafunzo ya ubingwa na wake za wanafunzi wenzao wa kiume. Kwa jumla matokeo ya mimba yalikaribiana, lakini madaktari walipata zaidi uchungu wa mapema na shinikizo la damu la ujauzito, na waliofanya kazi saa 100 au zaidi kwa wiki katika miezi ya mwisho walikuwa na uwezekano takriban maradufu wa kujifungua kabla ya wakati. Huko Japani, utafiti wa mwaka 2014 uliangalia saa za kazi za madaktari katika miezi mitatu ya kwanza, yaani kipindi ulichotoka kukimaliza, ukaona kwamba waliozidi saa 70 kwa wiki walikuwa na uwezekano wa kujifungua njiti takriban mara nne ya wale wa saa 40 au pungufu.

Kuhusu usiku, utafiti wa Denmark wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba mwanamke aliyefanya zamu mbili au zaidi za usiku katika wiki moja, baada ya wiki ya nane ya ujauzito, alikuwa na uwezekano wa takriban theluthi moja zaidi wa mimba kuharibika wiki iliyofuata. Tafiti za aina hii haziwezi kuthibitisha kwamba zamu pekee ndiyo chanzo. Hata hivyo, kama mgonjwa wangu angenieleza ratiba hiyo, nisingemwambia asubiri mwezi wa saba.

Ofisa Utumishi

Mkuu wako wa idara amesoma nusu ya kifungu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 20, inakataza kumpangia mjamzito kazi ya usiku, yaani kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, katika miezi miwili kabla ya tarehe ya matarajio ya kujifungua. Lakini inakataza pia kabla ya hapo, iwapo atawasilisha cheti cha daktari kinachothibitisha kwamba afya yake haimruhusu tena kufanya kazi ya usiku. Sheria hiyo inawahusu watumishi wa umma pia. Hivyo, pata cheti, kiambatishe na barua kwa mganga mfawidhi, na ubaki na nakala iliyogongwa muhuri wa kupokelewa.

Pamoja na hayo, nakiri kwamba sheria ina pengo, kwa sababu inamwachia mwanamke mzigo wa kuthibitisha kwamba hawezi. Nchini Japani, sheria ya viwango vya kazi inamruhusu mjamzito kukataa kazi ya usiku na ya saa za ziada kwa kuomba tu, na ningependa kuona jambo hilo likiigwa hapa kwetu.

Daktari Mkongwe

Nina la kuongeza kuhusu cheti. Usijiandikie mwenyewe, wala usimwombe rafiki akuandikie mkiwa mmesimama koridoni. Nenda kliniki ya wajawazito kama mama mwingine yeyote, upimwe shinikizo la damu na mkojo, kwa kuwa madaktari tuna tabia mbaya ya kuruka mahudhurio yetu wenyewe tukidhani kwamba tunajijua.

Vilevile, usikubali kutafuta mwenyewe mtu wa kukushikia zamu. Ukifanya hivyo, deni linabaki kwako, na mara nyingi anayebebeshwa usiku huo ni daktari wa mafunzo kwa vitendo ambaye hana sauti, na ambaye huenda naye ni mjamzito na bado hajathubutu kusema. Kupanga upya ratiba ni kazi ya mkuu wa idara, naye anaweza kukupa kliniki na wodi za mchana, ambako kazi haijawahi kukosekana.

Daktari wa Wodi

Asanteni sana. Kliniki nitahudhuria Jumatatu, na barua nitaipeleka kwa mganga mfawidhi pamoja na cheti. Ofisa Utumishi, naomba unifafanulie jambo moja: je, cheti hicho kinagusa pia saa za ziada za mchana, au usiku peke yake?

Ofisa Utumishi

Kifungu cha 20 kinahusu usiku peke yake. Kwa mchana, tumia kifungu cha 19, kinachoweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki na saa 50 za ziada katika kipindi cha wiki nne, tena kwa makubaliano. Mwombe daktari wako aandike pia idadi ya saa anazoona zinakufaa, ili barua iwe na hoja zote mbili.